Kandishan Iliyoharibika

Sauti ilinipata Tanga, mchana wa jua kali, katika gesti ya nyuma ya stendi. Nilikuwa nimetupa begi sakafuni na kujinyoosha juu ya shuka iliyonukia sabuni ya mche, na dada wa mapokezi, kwa wema wake, akaja kuniwashia kiyoyozi. Kilikuwa cha zamani, kile cha kuchomekwa dirishani, na mianya yake imezibwa kwa vipande vya mbao na magazeti. Kikakohoa, kikatetemeka, halafu kikaanza: mngurumo wa chini, na juu yake mlio mwembamba kama wa mbu aliyenaswa ndani ya kopo, na kila baada ya kitambo, tak.

Nikakaa kitako. Meno yote yakanisisimka. Nimepita arobaini, nimelala katika vyumba vya miji mingi kwa sababu mimi si mtu wa kutulia, nimeuza nguo, nimepokea wageni hotelini, nimekaa na watu wa kila namna. Lakini mlio ule ulinirudisha kwenye kiti cha mbao cha skuli, miguu haifiki chini, mtaa wa Ruwi, Maskati, Omani.

"Kizime tu, dada," nikamwambia.

"Utakufa na joto, mama."

"Nimeshazoea."

Si kweli kwamba nimezoea. Ukweli wake ni mrefu kidogo, na kwa kuwa basi langu ni la kesho, kaeni nikusimulieni.

Tulikaa ghorofa ya tatu ya jengo lililotazamana na mlima mtupu wa mawe. Milima ile imeuzunguka Ruwi kama kuta za tanuri. Jua likishazama, mawe yanaendelea kutema moto kama yaliyotumwa. Chini ya jengo kulikuwa na Mhindi wa vitambaa, mkahawa wa wafanyakazi, na duka la kutengeneza saa. Mama na Bibi walitoka Unguja kabla sijazaliwa. Baba alikuwa karani wa wizara, mtu wa maneno machache na kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Nyumbani tulisema Kiswahili, skuli Kiarabu, na dukani tulisema chochote kitakachofahamika.

Ruwi haikaliki bila kiyoyozi. Sisi tulikiita kandishan, na watu wazima waliizungumza kandishan kama watu wa bara wanavyozungumza ng'ombe: ya nani mpya, ya nani inavuja, ya nani imekufa na kuzikwa. Chumba tulicholala kilikuwa nayo moja, nyeusi kwa vumbi, na Baba akiipiga kofi ubavuni ilikuwa ikinyamaza kidogo kwa adabu, kisha inaendelea.

Mimi niliiogopa. Sijui kama nitaweza kueleza vizuri. Mlio ule haukuishia masikioni. Uliingia menoni, ukashuka shingoni, ukaja kukaa nyuma ya macho. Na ukishakaa, uliamsha na vyengine vyote: kola ya sare inayokwaruza, mshono wa soksi juu ya kidole gumba, harufu ya tuna kwenye mkoba wa mwenzangu, chaki. Vyote vinakuja pamoja, vyote vinasukumana mlangoni, na mimi peke yangu ndani. Nilidhani kila mtu anapata hivyo hivyo, ila wenzangu wana ustahamilivu zaidi.

Nilipoingia darasa la pili, nikagundua swichi. Ilikuwa ukutani chini ya dirisha la nyuma. Mwalimu wetu, Abla Suad, akigeukia ubao, mimi nainuka, naizima, narudi kukaa. Ah, ule ukimya. Ilikuwa kama mtu ameninyanyulia jiwe kifuani. Kwa muda niliweza kusoma, niliweza hata kumpenda Abla Suad. Kisha joto lilianza kupanda, wasichana wakaanza kujipepea kwa madaftari, na Abla akashika kiuno akiitazama kandishan. Fundi aliitwa, akaifungua, akaifunga, akasema haina kitu. Siku ya pili ikazimika tena. Ndipo msichana aliyekaa nyuma yangu aliponisemea kwa Abla.

Tangu siku ile nikaitwa Raya Harara. Kwa Kiarabu harara ni joto tu. Lakini nilipofika nyumbani nikilia na kumwambia Bibi jina nililopewa, akanifunua mgongo.

"Iko wapi? Mbona huna hata kipele?"

Kwake yeye, kama kwa Waswahili wote, harara ni vile vipele vya jasho. Aliwaona wasichana wale ni waongo, na akataka kwenda kuwaambia mama zao.

Mudira, mwalimu mkuu wa skuli, alimwita Mama. Nakumbuka Mama alivyokaa kwenye ukingo wa kiti, baibui limekunjwa chini ya mapaja, anatikisa kichwa kwa kila neno. Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni. Alijua kununua, kukataa bei na kuulizia hali ya wagonjwa, basi. Mudira hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi katika jengo dogo, na uso wa mtu ambaye kichwa kinamuuma tangu asubuhi. Alisema mtoto huyu anaziba masikio, anajificha chini ya meza, anavua soksi, anazima kandishan wenzake wakaiva. Apelekwe hospitali. Na kama hadi mwisho wa mwaka hakubadilika, basi darasani si pahala pake, kuna kituo cha watoto wasioweza kusoma, na yeye mudira ndiye atakayepeleka jina.

"Anajua kusoma," Mama akasema. "Anasoma gazeti la baba yake."

"Kusoma gazeti na kukaa darasani ni mambo mawili, Ummu Raya."

Kwenye teksi Mama alinikamata mkono juu ya kifundo, akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Mimi, ajabu yangu, nikatulia kabisa. Nilitamani teksi isifike.

Nyumbani Bibi alishatoa hukumu yake zamani. "Huyu kaingiliwa na pepo," alisema, na akanifukiza ubani mpaka nikatapika juu ya mkeka wake mzuri. Lakini Mama alipania hospitali. Tulikwenda, tukangoja, tukaonana na daktari aliyetoka nchi nyengine ya Waarabu, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha vitabuni na cha mbio. Alipiga makofi nyuma ya kichwa changu, nikaruka. Alinipitishia ncha ya kalamu kiganjani, nikapiga ukelele. Aliwasha taa, akaizima, akaniuliza maswali, kisha akazungumza na Mama kwa muda mrefu huku Mama akitikisa kichwa. Katika maneno yote yale, Mama alitoka na moja.

"Hassasia," alimwambia Bibi, kabla hata hajavua viatu. "Daktari kasema mtoto ana hassasia."

Alilijua neno lile kwa jirani yetu ambaye mwanawe akila yai anavimba midomo. Bibi naye alilijua, alikuwa na shoga yake asiyeweza kugusa kamba wa baharini.

"Hassasia ya nini?"

"Sikumpata vizuri. Nahisi ya vitu vyote."

Basi ikaanza kazi. Nyumba yetu ilikuwa ya walaji samaki, jodari, changu, papa mkavu kwa Bibi, na wote wakatoka. Mayai yakatoka. Njugu zikatoka. Zulia likakunjwa likapelekwa kwa ami yangu. Paka wa ngazini akafukuzwa kwa fagio, ingawa hakuwa wetu. Tukala dengu. Tukala bamia. Bibi, ambaye aliamini kwamba chakula bila samaki ni dawa, alikaa mbele ya sahani yake kama mtu aliyefungwa kwa kesi ya mwenzake.

"Nna miaka sitini na kitu," alikuwa akisema, "sijapata kuona nyumba inafunga Ramadhani ya samaki."

Na mimi sikubadilika. Mbaya zaidi, Mama alikwenda skuli kuwaeleza, na neno likafahamika kule vizuri mno. Abla Suad, kwa huruma ya kweli, aliona mtoto mwenye hassasia asikae karibu na mlango panapoingia vumbi la barabarani. Akanihamisha. Akaniweka kwenye hewa safi na baridi, chini ya kandishan yenyewe.

Kiti changu kilikuwa kimeegemea ukuta uleule. Mtetemo uliingia kwa mgongo, na upepo wa baridi ulinipiga kwenye utosi kama sindano. Swichi ilikuwa karibu, lakini Abla alikuwa amenionya mbele ya darasa zima, na mudira alikuwa amesema neno lake. Nilikaa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Siku moja, ilikuwa somo la dini na wote walikuwa wakisoma kwa pamoja kwa sauti ya juu, kitu kikakatika ndani yangu. Nakumbuka kupiga kelele. Nakumbuka lango la skuli likiwa wazi kwa ajili ya gari la maji. Kisha nakumbuka barabara kubwa ya kuelekea stendi ya mabasi, magari, honi, jua juu ya vioo, na mimi nikikimbia katikati yake soksi moja mguuni.

Aliyeniona ni Mhindi wa vitambaa chini ya jengo letu. Sikwenda kwake, sikwenda kwa mtu. Niliingia dukani nikapita nyuma, nikajibana katikati ya majora ya vitambaa yaliyosimamishwa ukutani. Mle ndani hakukuwa na sauti. Majora yalinibana pande zote, mazito, yananukia wanga wa kiwandani, na nikaanza kupumua. Yule mzee hakunitoa. Alipanda ngazi zote mpaka juu, akagonga mlango wetu, na Mama aliposhuka alimwonyesha kwa kidole tu.

Mudira alimwambia Baba nisirudi skuli. Baada ya sikukuu ya Idi waje wote wawili, na mimi, naye atatoa uamuzi. Alilitaja tena lile neno, kituo. Jioni ile Baba alilisoma gazeti ukurasa mmoja bila kugeuza. Mama alikaa jikoni, taa haijawashwa, anachambua dengu ambazo alikwishazichambua.

Tulirudi hospitali, Mama akitaka dawa kali zaidi ya hassasia. Foleni ilikuwa ndefu na ukumbi una taa zile ndefu zinazolia. Mimi niliingia chini ya benchi, nikajifunga kwa magoti, nikawa najitikisa. Mama alinivumilia, akanivumilia, kisha akainama.

"Raya, toka huko. Watu wanatutazama. Samaki nshakunyima, mayai nshakunyima, paka wa watu nshamfukuza. Sasa nikunyime nini tena, pumzi?"

Viatu vyeupe vya mwanamke vilivyokuwa vikipita vikasimama mbele ya uso wangu.

"Samaki kafanya nini, dada?"

Kiswahili. Cha Unguja, cha mjini, chenye kucheka ndani yake. Mama aliinuka kama aliyeshikwa anaiba. Mwanamke alikuwa amevaa koti jeupe na shela ya kijani, jina lake Zuweina. Alizaliwa Malindi ya Unguja, akakulia Maskati, akaenda Ulaya kusomea kazi yake, kazi ya kuwasaidia watoto ambao miili yao inawapa tabu ya kuishi na vitu vya kawaida. Watu wote walimwita daktari, na yeye kila mara alisema si daktari, na hakuna aliyemsikiliza.

"Mwanangu ana hassasia," Mama akasema. "Daktari wenu kasema."

"Kasema hassasia ya chakula?"

"Kasema hassasia."

Zuweina alichuchumaa. Hakunigusa, na hakuniambia nitoke. Alinitazama nilivyojifunga, akaitazama taa iliyolia juu yetu, akaitazama soksi niliyoishika mkononi.

"Dada," alisema, bado amechuchumaa, "kwa Kiarabu hassasia ni neno moja la vitu viwili. Kuna ya kuvimba kwa samaki. Na kuna ya kuhisi. Mtoto wako anahisi. Anahisi sana. Mie na wewe tukiingia chumba chenye kandishan tunaisikia kidogo, kisha mwili unaisahau. Yeye mwili wake hausahau. Kila saa ni kama ndiyo kwanza imewashwa."

Mama alikaa kwenye benchi.

"Kwa hivyo samaki…"

"Mpe samaki."

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka wagonjwa wakageuka, kisha akavuta shela akafunika uso, na mabega yakaendelea kutikisika, nami kutoka chini ya benchi sikuweza kujua ni lini kicheko kiligeuka kitu chengine. Alimwambia Zuweina yote: kiti cha chini ya kandishan, barabara, majora, mudira, kituo, sikukuu iliyokuwa inakuja.

"Alijibana kwenye majora?" Zuweina aliuliza, akawa ameacha kutabasamu. "Basi kashajionyesha mwenyewe dawa yake. Mlete Jumamosi."

Chumba chake kilikuwa na mpira mkubwa, bembea iliyoning'inia darini, pipa lililovikwa godoro, na brashi laini za kila namna. Alinisugua mikono kwa brashi, kwa nguvu na kwenda upande mmoja. Aliniviringisha kwenye blanketi kama mkate wa ajemi uliokunjwa na kuniegemea kwa uzito wake. Alinibembeza mbele na nyuma, na mimi ambaye sikuwa nikikubali kushikwa hata kusukwa nywele, nililia muda ulipokwisha. Lakini alikuwa peke yake kwa kazi ile na foleni yake ilikuwa kubwa. Tulipata siku moja kwa wiki. Zilizobaki, alisema, ni zenu nyumbani.

"Na sikuahidini uongo," alimwambia Mama. "Hataacha kuisikia. Tunataka tu mwili wake upate nguvu ya kuichukua. Mpeni kazi nzito. Abebe, avute, asukume, abanwe. Nyinyi mna nini nyumbani?"

"Tuna mbuzi," Mama akasema.

Kwa sekunde moja Zuweina alimtazama, kisha wakacheka wote wawili, maana mbuzi aliyemkusudia ni ule ubao wenye meno wa kukunia nazi, ambao Bibi aliubeba kutoka Unguja akiacha vitu vya thamani. Nikawa mkunaji nazi. Nilikuna nazi za nyumba nzima na za majirani. Nilipandisha mchele ngazi zote tatu, gunia dogo nimelikumbatia kifuani. Bibi aliniviringisha kwenye godoro na kunikalia huku akivuta uradi. Tulipokosa blanketi la kuvaa darasani, yeye ndiye aliyetoa kanga yake ya zamani, laini kwa kufuliwa, akanifunga kiunoni na kifuani chini ya sare, akakaza kama anafunga mzazi.

"Ukitaka kupiga kelele," alinambia, "vuta pumzi uisukume kanga. Kanga haiumii." Habari za kuingiliwa hakuzitaja tena.

Ijumaa Baba alitupeleka Qantab, kwenye ile ghuba ndogo ya wavuvi, akanishika mikono ndani ya maji mpaka shingoni. Bahari inabana kila pahala kwa usawa. Nilikuwa natoka mle nimelegea kama nguo.

Kila tulipomaliza kwa Zuweina, yeye na Mama walisimama mlangoni wakanong'ona, mimi natafuta viatu. Sikupata kuwasikia. Ila nakumbuka kwamba wiki ile ya kwanza, kandishan ya chumba chetu cha kulala iliharibika.

Baba ndiye aliyetangaza. "Imekufa," alisema. "Fundi atakuja kesho, inshallah." Kesho yake fundi hakuja. Alikuwa na kazi Matrah, kisha alikuwa na homa, kisha alikuwa amekwenda kwao kuoa. Joto la Mei liliingia kwa madirisha, na tulilala juu ya shuka zilizochovywa kwenye maji, Bibi akijipepea na kulalamika kwamba keshakuwa biskuti. Mama ndiye aliyeumia zaidi. Mgongo wake ulijaa harara, vipele vyekundu tangu shingoni mpaka kiunoni, na kila asubuhi Bibi alimpaka poda akimwambia asijikune. Mimi nilikuwa nikilala usingizi mzuri. Nilimwambia Mama kwamba huyo fundi Mungu amweke hukohuko, na Mama akasema, "Amin."

Siku ya mudira ikafika. Zuweina hakuweza kuja, alikuwa na wagonjwa, lakini alimfundisha Mama maneno ya Kiarabu, sentensi nzuri ndefu, ya kueleza tofauti ya hassasia na hassasia. Mama aliirudia kwenye teksi njia nzima, midomo inacheza, mpaka dereva akadhani anasoma dua naye akaitikia.

Ofisi ya mudira ilikuwa na kandishan kubwa kuliko zote. Niliingia nimefungwa kanga ya Bibi, nikakaa katikati ya wazee wangu. Mlio ulinipokea menoni. Nikasukuma kanga.

Mama alianza sentensi yake. Ilikwenda vizuri mpaka katikati, kisha nikaiona ikimponyoka. Alirudi nyuma, akaanza tena, akakwama palepale.

"Lakini hassasia yake tunaijua, Ummu Raya," mudira alisema, si kwa ukali. "Tulimtunza. Abla alimweka chini ya kandishan, mbali na vumbi. Na bado. Mimi nina wasichana wengine wa kuwalinda. Angekanyagwa na gari, ningemwambia nini Mungu?"

Baba alikohoa. Mudira alivuta karatasi karibu yake, na mimi, ambaye nilijua kusoma gazeti, nilijua kwamba ikishaandikwa haitafutika.

Mama aliinuka. Alikwenda mpaka ukutani, baibui linaburura, akainua mkono, akazima swichi.

Sijasahau ukimya ule. Kwanza mashine ilitetemeka na kukata roho. Halafu, moja baada ya nyengine, vitu vikaanza kusikika ambavyo vilikuwepo muda wote: saa ya ukutani, njiwa kwenye dirisha, maji kwenye bomba, na mbali, ghorofa ya chini, darasa la watoto wadogo wakiimba herufi zao. Nilimwona mudira mabega yakimshuka. Hakujua kwamba yalikuwa yamepanda. Aliweka vidole viwili katikati ya nyusi zake, akavikandamiza, akabaki hivyo.

"Sikujua kama ina kelele namna hii," alisema baadaye, polepole.

"Yeye anajua," Mama alimjibu, kwa Kiarabu chake cha sokoni, mkono bado uko kwenye swichi. "Kila siku. Anajua."

Jasho lilianza kututoka. Kisha mudira akamwambia Mama aiwashe, maana watu wasije wakafa, na akaisogeza ile karatasi pembeni.

Alitoa masharti. Nitakaa karibu na mlango. Kabla ya somo nitabeba madaftari ya darasa zima kutoka chumba cha walimu, na kuyarudisha. Nikizidiwa nitalaza rula juu ya meza, na Abla ataniruhusu nisimame ukumbini bila kuniuliza. Lakini nikikimbia tena, au nikiigusa swichi, basi. Na mtihani wa mwisho nitaufanya ndani ya ukumbi pamoja na wenzangu wote.

Ukumbi ule ulikuwa na kandishan kila dirisha. Asubuhi ya mtihani wa hesabu Bibi alikaza kanga mpaka nikasema inatosha, kisha akakaza tena. Nilibeba rundo la vitabu nikapanda nalo na kushuka nalo. Nilikaa juu ya mikono yangu mpaka karatasi zilipogawiwa. Mashine zote zililia pamoja, na mojawapo ilikuwa na ule mdundo, tak. Nilisukuma kanga. Rula ilikuwa mkononi, naitazama, naitazama hesabu. Abla Suad alisimama kwenye mlango, na nilipoinua uso niliona ameufungua kidogo kwa mguu wake, kiasi cha upenyo wa kutokea. Sikutoka. Kujua kwamba upo kulinitosha.

Nilipanda darasa la tatu kwa kujikokota, lakini nilipanda. Nikaendelea mpaka nikamaliza sekondari. Jina la Raya Harara lilinifuata miaka miwili mitatu, likachoka lenyewe.

Nilikuwa msichana mkubwa tulipohamia Bawshar, kwenye nyumba ya chini yenye ua. Siku ya kuhama, mpangaji mpya alileta fundi wa kwake, mtu wa Kerala, kukagua vitu. Alifika chumba chetu cha kulala, akaitazama kandishan nyeusi iliyokuwa imekufa tangu nilipokuwa darasa la pili. Mama alimwahi.

"Hiyo mbovu," alisema haraka. "Kharban. Zamani sana."

Fundi alivuta kabati mbele, akaiokota plagi iliyolala nyuma yake vumbini, akaichomeka. Kandishan ikakohoa, ikatetemeka, ikanguruma. Upepo wa baridi ukaingia chumbani, na vumbi lake.

"Mafi kharban, madam," alisema fundi kwa furaha. Haijaharibika.

Baba aligeuka akautazama mlima. Mama alianza kukunja shuka ambayo ilikuwa imekunjwa. Bibi, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku lake akingoja gari, aliinua mikono yake miwili.

"Alhamdulillah," alisema. "Imepona."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilisimama katikati ya chumba, mlio unanipata menoni kama zamani, na badala ya kuziba masikio nilijikuta nautazama mgongo wa Mama, kitambaa cha gauni kimegandamana kwa jasho. Nikaziona tena asubuhi zile za poda, vipele vyekundu kutoka shingoni mpaka kiunoni, na mimi nimeamka nimepumzika, namwombea fundi asije. Ndicho kitu Zuweina alichokuwa akikinong'ona mlangoni: mtoto apate usiku mmoja mzima wa kimya, mchana atauchukua mwenyewe. Wasichana wa skuli walinipa mimi jina la harara. Aliyekuwa nazo ni Mama.

Sikumwuliza, naye hakunieleza, mpaka Mungu alipomchukua.

Basi Tanga nilijilaza kwenye kile chumba bila kiyoyozi, dirisha wazi, jasho linanishuka kando ya shingo. Baada ya muda nikahisi mgongo unaanza kuwasha, vichomo vidogo vidogo katikati ya mabega, pale mkono usipofika. Nikaviacha. Dada wa mapokezi alipita tena na jagi la maji, akasimama mlangoni akinionea huruma.

"Kwani kimeharibika?" aliuliza.

"Ndiyo," nikamwambia. "Fundi atakuja kesho, inshallah."